Jina la Kukodi Halipigi Deki

Kijana aliyehitimu chuo katika miji ya mashariki mwa Uganda hawezi kuukwepa ushauri huu. Ataukuta redioni, kwenye semina za ujasiriamali, kwenye vikao vya SACCO na hata kanisani matangazo yakisomwa: acha kutafuta kazi, tengeneza kazi. Akiuliza atengeneze kazi gani, jibu mojawapo ni usafi wa majengo. Tena anashauriwa asianze kwa jina lake. Akodi jina la kampuni inayojulikana: alipe kiingilio, apewe mafunzo, sare, vifaa na wateja wa kuanzia, kisha kila mwezi fungu la mapato yake liende kwa mwenye jina. Mpango huo ndio franchaizi.

Wanaoutetea wana hoja, na ni haki zielezwe kama wao wenyewe wanavyozieleza. Uchafu hauishi, kwa hiyo kazi haiishi. Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020, na majengo yanaongezeka. Mbale ina eneo jipya la viwanda lililojengwa na Wachina, na mtaa wake wa Malukhu una viwanda na maghala ya miaka mingi. Mtaji wa usafi ni mdogo ukilinganisha na wa duka la dawa au kinu cha mahindi. Kazi yenyewe haihitaji miaka ya masomo. Jina kubwa linafungua milango ambayo mgeni angebisha bila kuitikiwa. Na mtu anakuwa bosi wake mwenyewe. Kwa aliyezungusha vyeti vyake ofisi kwa ofisi bila kuitwa hata siku moja, maneno hayo yanagusa.

Yanagusa, na yanampeleka pabaya. Mkataba wa namna hii ukisomwa shilingi kwa shilingi, unaonyesha mtu anayenunua kazi ya mshahara mdogo kwa fedha zake mwenyewe, huku kila hasara ya biashara ikishushwa hadi kwake, na yeye akilazimika kuishusha hadi kwa mama anayeshika ndoo.

1. “Jina litaleta wateja”

Jina lina thamani pale mnunuzi anapolitaja. Mtu anayeingia dukani katika mtaa wa Namakwekwe, Mbale, akaomba Pepsi hajali kwamba soda hiyo imetengenezwa na Crown Beverages ya Kampala kwa leseni ya Wamarekani. Ameomba Pepsi, na asipoipata atakwenda duka la pili. Dereva anayetoka Tororo hutafuta kituo cha mafuta kwa rangi ya bango lake. Hapo aliyelipia jina amenunua kitu.

Meneja wa ghala la kahawa Malukhu hanunui usafi hivyo. Anauliza bei, anauliza watakuja watu wangapi na watafika saa ngapi, kisha anauliza funguo atashika nani. Swali hilo la mwisho ndilo zito. Mfagizi huingia ofisini saa kumi na mbili alfajiri, kabla ya wengine wote, kompyuta ziko mezani na droo nyingine hazijafungwa. Anayeaminiwa kwa hilo ni mtu ambaye nyumbani kwake kunajulikana, aliyeletwa na mtu mwingine anayejulikana. Nembo iliyochapwa mgongoni mwa ovaroli haisaidii kitu. Uaminifu huo mwenye jina aliyeko Kampala, Nairobi au Johannesburg hana. Kijana wa Mbale ndiye anayeuleta, kisha anatozwa ada kana kwamba ameupokea.

Kwa wateja wakubwa hali ni ngumu zaidi. Tawi la benki lililoko Jinja mara nyingi halichagui kampuni yake ya usafi; mkataba husainiwa makao makuu Kampala. Hospitali za serikali, majiji na vyuo vya umma hununua huduma kwa kufuata sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2003, na mzabuni huulizwa hati za kampuni yake: leseni ya biashara, uthibitisho wa kodi, hesabu za fedha, na kazi ambazo yeye mwenyewe amewahi kuzifanya. Kampuni iliyosajiliwa jana haipati uzoefu wa miaka kumi kwa sababu imekodi jina la iliyo nao. Zaidi ya hapo, marekebisho ya sheria hiyo ya mwaka 2021 yaliweka nafasi ya kutenga zabuni kwa ajili ya vikundi vilivyosajiliwa vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha wanawake wa mtaa wa Namatala, Mbale, kinaweza kuingia kwa mlango huo, kwa jina lake chenyewe, bila kumlipa mtu ada ya jina.

Jinja ina kumbukumbu chungu ya kubaki na bango bila biashara. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Maduka ya Main Street yakagawiwa, na waliotajirika kwa mgao huo wakaja kuitwa mafuta mingi. Mabango yalibaki, bidhaa zilibaki rafuni. Kilichoondoka ni msambazaji aliyekuwa tayari kukopesha, fundi aliyeijua mashine, na daftari la wateja. Bidhaa zilipoisha hapakuwa na za kujazia. Mwenye kuuza franchaizi ya usafi analijua hilo vizuri, ndiyo maana mahusiano na wateja huyashika mwenyewe na kumkabidhi mnunuzi bango.

2. “Utakuwa bosi wako mwenyewe”

Mtindo huu una zaidi ya nusu karne huko ulikokulia, na majibu yake yamo katika kumbukumbu za mahakama. Jani-King ilianzishwa Marekani mwaka 1969, Coverall mwaka 1985, Jan-Pro mwaka 1991. Walionunua franchaizi hizo wengi walikuwa wahamiaji, watu wenye akiba ndogo na Kiingereza cha kubahatisha, wenye hamu ileile ya kutoka kwenye kazi ya kuajiriwa.

Kesi ambayo kila mwendesha semina angepaswa kuisoma kabla ya kushika kipaza sauti ni ya Awuah dhidi ya Coverall, iliyosikilizwa Massachusetts. Walalamikaji walikuwa wamelipa ili wawe wenye biashara. Lakini mkataba na mwenye jengo ulikuwa wa Coverall. Ankara ilitolewa na Coverall. Fedha zilipokelewa na Coverall, ikakata ada zake, kisha ikampa aliyefagia kilichosalia. Mwaka 2010 Jaji William Young wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba kisheria watu hao walikuwa waajiriwa. Kampuni ilijitetea kwamba biashara yake ni kuuza franchaizi, kwamba haifanyi kazi ya kusafisha. Jaji akaandika kwamba maelezo hayo yanaelekea kufanana na upatu wa Ponzi uliobadilishwa kidogo. Mwaka 2011 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ikaongeza mambo mawili: mwajiri hawezi kumtoza mtu ada ili ampe kazi, na ujira wa kazi iliyokwisha kufanywa hauwezi kungoja hadi mteja alipe.

California ilifika palepale kwa njia nyingine. Jan-Pro ilijengwa kwa ngazi tatu: kampuni yenye jina juu, mmiliki wa eneo katikati, na mwenye kushika fagio chini. Aprili 2018, katika kesi ya Dynamex, mahakama ya juu ya jimbo hilo iliweka kipimo kwamba mfanyakazi huhesabiwa mwajiriwa isipokuwa kampuni ithibitishe kwamba haimwongozi, kwamba kazi yake iko nje ya shughuli za kawaida za kampuni, na kwamba ana biashara yake inayojitegemea. Januari 2021, katika shauri lililohusu Jan-Pro, ikaamua kwamba kipimo hicho kinagusa hata madai yaliyotangulia. Yaani watu waliouziwa ubosi walilazimika kwenda mahakamani kudai wahesabiwe kuwa wafanyakazi, maana haki za mfanyakazi zilikuwa na thamani kubwa kuliko cheo walichokinunua.

Na hao walikuwa na kinga. Marekani, muuzaji wa franchaizi analazimishwa na kanuni za serikali kumpa mnunuzi hati ndefu ya maelezo siku 14 kabla ya kusaini au kulipa chochote. Uganda haina sheria mahususi ya franchaizi. Makubaliano husimama juu ya Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010, na aliyetia saini ametia saini. Kijana wa Malukhu anaingia kwenye mpango uleule uliowashinda wenye kinga, yeye akiwa hana hata hiyo hati.

3. “Mtaji mdogo, faida ya uhakika”

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye viwango halisi vya kodi na michango. Kiwanda kimoja kinatoa kazi ya ofisi na vyoo vyake kwa shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Wafagizi watatu kwa 250,000 kila mmoja ni 750,000. Mchango wa mwajiri kwa NSSF ni asilimia 10, yaani 75,000, na tangu sheria irekebishwe mwaka 2022 wajibu huo unamhusu kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Sabuni, jiki, glavu, mifuko ya taka na madekio: 200,000. Mteja aliyeteuliwa na mamlaka ya mapato, URA, hukata kodi ya zuio ya asilimia 6 kwenye malipo yanayozidi milioni moja, yaani 90,000. Zitahesabiwa kwenye kodi ya mwaka, lakini mwezi huo hazipo mfukoni. Zimebaki 385,000.

Sasa mwenye jina achukue, tuseme, asilimia 15. Anachukua 225,000. Zimebaki 160,000.

Kwenye hizo 160,000 kuna nauli za boda, muda wa maongezi, leseni ya jiji, dekio lililovunjika na rejesho la mkopo uliolipia kiingilio. Bosi amebaki na pungufu kuliko mfagizi wake. Mwenye jina, ambaye hakubeba ndoo, amepata zake kabla ya mtu yeyote kujua kama mwezi ulikuwa wa faida au wa hasara, kwa kuwa ada hukatwa kwenye mapato yote yanayoingia. Jambo hili halisemwi kwenye semina, na ndilo kiini cha mpango: anayepanga masharti hana sababu ya kujali kama kazi inalipa. Kwake inatosha kazi iwepo.

Mshauri atasema ongeza mikataba. Mikataba tisa ya kiasi hicho inafikisha shilingi milioni 162 kwa mwaka, nayo inavuka kikomo cha milioni 150 ambapo lazima kujisajili kwa VAT ya asilimia 18. Shule au zahanati isiyoweza kudai VAT hiyo irudishwe itaiona kuwa ni bei iliyopanda, na itamtafuta mtu wa bei nafuu. Kila mkataba mpya huja pia na mishahara ya mwezi wa kwanza kabla ankara yoyote haijalipwa. Anayefanya kazi za serikali hungoja zaidi: malimbikizo ya madeni ya ndani ya serikali ya Uganda yanahesabiwa kwa matrilioni ya shilingi. Mfagizi hawezi kungoja robo mwaka, na mwenye nyumba anayopanga hamngoji.

Pengo linazibwa wapi, basi? Ada haipungui kwa kuwa imeandikwa. Kodi haipungui. Kinachopungua ni mshahara, na hakuna sheria inayouzuia usishuke: kima cha chini cha mshahara Uganda bado ni kile cha mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha muswada wa kima kipya Februari 2019, Rais Museveni akakataa kuutia saini. Baada ya mshahara, kinachofuata kupungua ni jiki.

4. “Kazi yenyewe haihitaji ujuzi”

Hapa madhara ya ushauri huu yanawafikia hata watu ambao hawakuusikia.

Januari 2025 muuguzi wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliugua. Alitafuta tiba sehemu kadhaa, mojawapo ikiwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbale, kisha akafariki Mulago. Tarehe 30 Januari serikali ikatangaza mlipuko wa Ebola ya aina ya Sudan. Katika mlipuko uliotangulia, ulioanzia Mubende Septemba 2022, ugonjwa ulifika hadi Jinja. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kuna saa nyingi kabla ya maabara kutoa jibu: amelazwa, ametapika, ametumia choo, shuka zimebadilishwa. Katika saa hizo zote kuna mtu anayesafisha.

Kazi ya mtu huyo ina utaratibu wake. Damu ikimwagika sakafuni wodini, glavu nzito huvaliwa kwanza, kisha aproni na buti. Damu hufunikwa kwa kitambaa ili isirukeruke. Humwagiwa maji ya klorini ya asilimia 0.5 na kuachwa kwa dakika 10 angalau, ndipo ipanguswe kutoka pembeni kuelekea katikati, maana kuanzia katikati ni kuutandaza uchafu. Jiki ya asilimia 3.5 hufikia nguvu hiyo kwa kipimo kimoja cha jiki na vipimo sita vya maji. Ikikadiriwa kwa macho ikawa nyepesi, haiui kitu. Ikiwa kali, inachoma mapafu ya anayeitumia. Ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, na vyoo vingi vina kidirisha kimoja tu. Iliyochanganywa jana imeshapoteza nguvu. Dekio la chooni haliingii wodini. Mfuko mweusi ni wa taka za kawaida, wa njano ni wa taka za maambukizi, mwekundu ni wa zile za hatari zaidi, na sindano haziendi kwenye mfuko wowote. Zina kisanduku chao.

Hata ghala la kahawa lina somo lake. Vumbi la maganda ya kahawa likifagiwa kavu hupanda hewani, likatua tena juu ya meza baada ya saa moja, na sehemu yake imeshaingia kifuani mwa mfagizi. Anayejua hunyunyiza maji kidogo, akaanza na sehemu za juu akashuka.

Ujuzi wa namna hii hukaa ndani ya mtu, na hubaki kazini mtu huyo akibaki. Mfagizi ambaye mshahara wake ulikatwa ili ada ya jina ipatikane huondoka siku atakayopata nafasi ya kuuza nyanya sokoni, na anayekuja baada yake huanza tangu mwanzo. Mafunzo ya franchaizi, yale yanayotajwa kwa fahari kwenye semina, hupewa aliyenunua. Aliyeshika dekio huyapata kwa kusimuliwa, akiyapata. Halafu jiki inapungua kwa sababu hesabu haikutosha, na vipimo sita vya maji vinakuwa kumi na viwili. Hakuna mkaguzi atakayeonja ndoo. Mgonjwa wa kitanda cha jirani ndiye atakayelipa.

Wazee wa Mbale hawachoki kusimulia sifa ya zamani ya mji wao, kwamba ulikuwa safi kuliko miji yote ya Uganda; wengine husema ya Afrika Mashariki. Waliofanya kazi hiyo walikuwa waajiriwa wa baraza la mji, wenye mshahara wa kila mwezi. Mfagizi wa Naboa Road hakudaiwa kiingilio ili apewe fagio.

5. “Akishindwa, atakuwa amejifunza”

Kujifunza huku kuna bei. Kiingilio kwa kawaida hakirudishwi. Mara nyingi fedha yenyewe ni mkopo wa SACCO, au kipande cha ardhi ya familia kule Sironko kilichowekwa rehani kwa matumaini ya wazazi. Biashara ya duka ikifa hubaki rafu, friji na mzani, vinavyoweza kuuzwa. Franchaizi ya usafi ikifa hubaki sare zenye jina la mtu mwingine, na mikataba mingi ina sharti la kumzuia aliyetoka asifanye kazi hiyohiyo eneo hilo kwa muda fulani. Kwa hiyo hata hicho alichojifunza amekatazwa kukitumia.

Fedha hiyohiyo ya kiingilio ingewatosha watu watano wa Malukhu kusajili kampuni au ushirika wao, kununua vifaa, kumlipa muuguzi mstaafu awafundishe wote watano, si mmoja, na kuweka akiba ya mishahara ya miezi ya kwanza wakati wateja wanachelewa kulipa. Akiba hiyo ndiyo mtaji halisi wa biashara hii. Mashine ya kusugulia sakafu inaweza kukodiwa. Hakuna mgeni anayehitaji kuja Mbale kufundisha namna ya kuungana. Bugisu Cooperative Union iliundwa mwaka 1954 na wakulima wa kahawa waliotaka kuuza kwa jina lao badala ya kubaki chini ya jina la mnunuzi. Imepita katika migogoro mikubwa ya uongozi tangu hapo, na hilo lisifichwe. Lakini ilipoanguka au kusimama, mali na jina vilikuwa vya wanachama, na ugomvi wao haukuhitaji kupelekwa nchi nyingine.

Mahali pa kusikiliza ugomvi si jambo dogo. Uganda ina utaratibu wa madai madogo, yasiyozidi shilingi milioni 10, ambapo mtu hujieleza mwenyewe bila kulipia wakili. Kijana aliyedhulumiwa kiingilio chake angeweza kupata haki huko. Lakini mikataba ya franchaizi mara nyingi huwa na kifungu kurasa za mwishoni: mgogoro wowote utapelekwa kwa msuluhishi, katika mji wa mwenye jina, kwa sheria za nchi yake. Nauli peke yake inamfunga mdomo mlalamikaji.

Anayealikwa kwenye semina nyingine ya aina hii aombe kifungu hicho kisomwe kwa sauti mbele ya wote, kwa Kiswahili, Lumasaba au Lusoga, kabla ya fomu kugawiwa. Aulize pia ankara itatolewa na nani, mteja asipolipa hasara inakuwa ya nani, na mkataba ukivunjika wateja wanabaki mikononi mwa nani. Majibu yaandikwe na kutiwa saini siku hiyohiyo, na fedha zisitoke mpaka yawe yameandikwa.